Siku Yako Mbaya Kuliko Zote

Mitsue Kudo alikuwa na desturi ya kumaliza kazi zote za nyumbani kabla ya saa nne asubuhi. Alifua. Alipika wali. Alipangusa vumbi kwenye madhabahu ndogo ya marehemu mumewe, Shigeo, akamwekea kikombe cha chai. Aliyafanya haya mbiombio, utadhani ana safari. Hakuwa na safari yoyote. Nguvu zake ndizo zilizokuwa na safari. Asubuhi zilikuwepo, mchana zilianza kuaga, na jioni zilimwacha peke yake ndani ya nyumba.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Miaka miwili nyuma alikuwa bado anafanya kazi kwenye banda la kukaushia figili. Kazi yake ilikuwa kuzifunga figili kwa kamba na kuzitundika juu ya moshi. Siku moja mikono yake ilikataa kupanda. Aliwaambia wenzake kwamba goti linamsumbua, akaacha kazi. Hakuna aliyeuliza goti na mikono vinahusiana nini.

Hospitalini, Daktari Ogata aliutaja ugonjwa wake kwa jina refu, kisha akamfafanulia kwa lugha nyepesi. Ubongo unatuma amri, alisema, lakini misuli haiipokei vizuri. Ukiitumia inachoka upesi. Ukipumzika inapata nguvu tena. Ni ugonjwa wa watu wachache. Hauambukizi, wala haijulikani namna ya kuumaliza kabisa, lakini dawa zake zipo.

Aliandikiwa vidonge vitatu kwa siku. Mitsue alimeza kimoja. Viwili aliviweka akiba, kwa sababu hospitali ilikuwa mbali, pesa ya pensheni ilikuwa ndogo, na yeye ni mtu wa kubana matumizi tangu utoto.

Binti yake wa pekee, Honami, aliishi Nagoya. Alikuwa akipiga simu Jumapili jioni. Lakini jioni sauti ya Mitsue ilikuwa imekwisha. Maneno yalitokea puani na kuburuzika. Basi aliiacha simu ilie mpaka inyamaze. Kesho yake asubuhi alipiga yeye.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo. Salama kabisa. Wewe je?"

"Salama, mama."

Dakika tatu, yamekwisha. Honami alikuwa njiani kwenda kazini. Mitsue aliiweka simu chini, akabaki akiitazama kwa muda.

Mtaa wao ulikuwa na nyumba kumi na nne, na saba kati ya hizo zilikuwa tupu. Mgeni aliyebaki ni ubao wa mtaa, ule wenye matangazo, unaopita nyumba kwa nyumba. Ukiupokea unasoma, unagonga muhuri wako, unampelekea jirani. Zamani watu waliupeleka kwa mkono, wakasimama mlangoni na kusema neno moja au mawili juu ya theluji. Siku hizi waliuacha nje na kwenda zao. Mitsue naye alifanya vivyo hivyo.

*

Mwanzoni mwa Septemba, Daktari Ogata alimweleza habari ya sindano mpya. Ilikuwa ikiwasaidia wengi wenye ugonjwa kama wake. Lakini bei yake ni kali. Hata bima ya afya ikilipa sehemu yake, na hata akipunguziwa kwa sababu ya kipato chake kidogo, Mitsue angetoa zaidi ya yen elfu thelathini kwa mwezi katika miezi ya mwanzo. Hiyo ilikuwa karibu nusu ya pesa yake yote ya mwezi.

"Tuombe ruzuku ya serikali," daktari alisema. "Ugonjwa wako umo kwenye orodha."

Daktari alijaza fomu. Mitsue akaipeleka ofisi ya afya ya wilaya. Baada ya miezi miwili na kitu barua ikarudi: ombi halikukubaliwa. Ukali wa ugonjwa haujafikia kiwango kinachotakiwa.

Mitsue aliisoma mara mbili. Aliikunja, akaiweka kwenye madhabahu chini ya kikombe cha chai, kana kwamba anamwachia Shigeo aishughulikie.

"Serikali imesema siumwi sana," aliiambia picha ya mumewe. Maneno hayo yalimuuma kuliko alivyotarajia. Alijiona kama mtoto aliyeambiwa aache kudeka.

Sasa tuseme ukweli juu ya Mitsue. Sisi wa huku kaskazini mwa Japani tumelelewa hivi: mtu akikuuliza hali, humtwiki mzigo wako. Unasema salama, hata kama umeshika ukuta usianguke. Katika jambo hilo Mitsue alikuwa bingwa wa mtaa mzima.

Kila ilipokaribia siku ya hospitali, alilala siku nzima ili akusanye nguvu. Asubuhi alimeza vidonge vyake vyote, pamoja na kimoja cha akiba. Alivaa koti lake la zambarau. Alijipaka rangi ya mdomo na wanja kidogo. Saa tatu kamili alikuwa mbele ya daktari, mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja.

"Hali yako, Bi Kudo?"

"Kwa hisani yako, daktari, salama kabisa."

Daktari alimwambia anyooshe mikono mbele. Akainyoosha, akauma meno kimyakimya, akajikaza kisabuni mpaka aliporuhusiwa kuishusha. Daktari aliangalia kompyuta yake, akaandika. Nje kulikuwa na wagonjwa thelathini wanaosubiri. Mitsue aliinama mara mbili kwa shukrani, akatoka akitembea wima. Kwenye basi alilala usingizi wa kufa mpaka akapitishwa kituo chake.

*

Mwishoni mwa Novemba ubao wa mtaa ulifika kwa Mitsue na haukuondoka. Siku ya kwanza alisema ataupeleka kesho. Siku ya pili mikono ilikataa. Siku ya tatu, saa kumi jioni, mlango wa mbele ulisukumwa.

Alikuwa Bi Toshi Sasaki wa nyumba ya pili, mjane wa miaka sabini na minane. Bi Toshi alikuwa na moyo mzuri na ulimi usio na breki.

"Mitsue! Huo ubao umeota mizizi hapa kwako? Watu wa mbele wanausubiri."

Hakujibiwa. Taa ilikuwa inawaka. Bi Toshi alivua viatu akaingia.

Mitsue alikuwa ameketi kwenye meza fupi. Kwa mkono mmoja alikuwa ameshikilia taya lake lisianguke. Kope la jicho la kushoto alikuwa amelinyanyua kwa plasta, maana lilikuwa likijifunga lenyewe. Alipomwona mgeni aliibandua plasta haraka. Alitaka kusema karibu. Sauti haikutoka. Akapiga funda la chai ili kusafisha koo, na chai yote ikamtokea puani.

Bi Toshi alichukua kitambaa, akampangusa uso, akaketi karibu naye. Mitsue aliona aibu mpaka machozi yakamtoka, na jicho moja tu ndilo lililoweza kufumbuka sawasawa.

"Ule mti wako wa kuanikia nguo," Bi Toshi alisema mwishoni, "uliushusha hadi tundu la chini la nguzo zake tangu kiangazi. Nikasema labda Mitsue naye anafupika kama mimi. Kumbe ni mikono."

Mitsue aliitikia kwa kichwa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungepaliwa hapa, nani angejua? Mimi ningekuja kukugombeza kwa ajili ya ubao, nikakuta maiti."

Mitsue alinyoosha kidole kwenye madhabahu. Bi Toshi aliitoa barua chini ya kikombe, akavaa miwani yake, akaisoma hadi mwisho.

"Siku ya hospitali ulikwenda ukiwaje?" aliuliza.

Mitsue alipumzika kidogo, kisha akasema polepole, neno moja moja. "Koti la zambarau."

"Na wanja?"

"Kidogo."

"Ukamwambia daktari nini?"

"Salama."

Bi Toshi alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha.

"Mzee wangu alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka, unakumbuka. Nyumbani aliganda pale mlangoni nusu saa, mguu haunyanyuki. Akimwona daktari, anatembea kama askari wa gwaride! Daktari anaandika, anatembea vizuri. Nilitamani nimkanyage. Tukanyimwa cheti cha ruzuku kama wewe. Mpaka yule muuguzi wa ofisi ya afya aliponiketisha chini akaniambia: Mama, fomu hii haiulizi mgonjwa alikuwaje leo. Inauliza siku yake mbaya kuliko zote ndani ya miezi sita."

Mitsue aliinua uso.

"Umesikia? Siku mbaya kuliko zote. Wewe umewapelekea siku nzuri kuliko zote, tena umeipaka wanja."

"Serikali imesema..."

"Serikali haijasema huumwi. Serikali haijawahi kukuona. Imesoma karatasi, na karatasi imesema ulichoisemesha."

Mitsue akatoa lile lililokuwa likimkaba siku zote. Alisema daktari ni mtu mwema, anahangaika kwa ajili yake. Kumwambia kwamba mambo ni mabaya si sawa na kumwambia kwamba kazi yake haifai?

"Fundi akija kutengeneza jiko lako," Bi Toshi alisema, "utamwambia linawaka vizuri ili asijisikie vibaya?"

"Hapana."

"Basi."

*

Kesho yake asubuhi Bi Toshi alirudi, safari hii na simu. Hakutaka aaminiwe yeye peke yake. Walimpigia muuguzi wa ofisi ya afya, wakamsikiliza wote wawili.

Muuguzi alieleza bila haraka. Ombi likikataliwa, mtu anaweza kuomba tena wakati wowote hali ikiwa imeelezwa ilivyo. Fomu lazima ijazwe na daktari aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo, naye Ogata ameidhinishwa. Mwenye cheti huwekewa kiwango cha juu cha kulipa kwa mwezi, kulingana na kipato cha nyumba yake. Kwa mjane wa pensheni kama Mitsue huenda ikawa yen elfu tano au chini ya hapo. Kinachozidi kwa ugonjwa huo hubebwa na serikali. Tena haki hiyo huanza kuhesabiwa kabla cheti hakijafika mkononi, kwa hiyo atunze kila risiti.

"Upo pia mlango wa pili," muuguzi alisema. "Hata mtu ambaye ugonjwa wake si mkali anaweza kupata cheti, ikiwa matibabu yake yamekuwa ya gharama kubwa kwa miezi mitatu au zaidi ndani ya mwaka. Bi Kudo, gharama zako zilikuwaje?"

Mitsue alitazama chini. Alikiri kwamba amekuwa akimeza kidonge kimoja badala ya vitatu, ili anunue vichache.

"Basi huo mlango kwako umejifunga wenyewe," muuguzi alisema kwa upole. "Kuanzia leo vimeze vyote kama ulivyoandikiwa. Usimeze zaidi ili uonekane mzima, wala usiache ili uonekane mgonjwa. Yote mawili ni hatari. Chukua daftari. Andika saa, na uandike kilichoshindikana."

Mitsue alichukua daftari la zamani la Honami la shule, lililokuwa na kurasa tupu. Mwanzoni aliandika kama anayesengenya mtu.

Jumanne, saa tisa alasiri. Nimeshindwa kuchana nywele.

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Chai imetokea puani. Nimeacha chakula.

Ijumaa, saa kumi. Naona taa mbili. Taa ni moja.

Vidonge vitatu vilisaidia. Asubuhi ikawa ndefu kidogo. Lakini jioni bado zilikuja, na kila jioni ilikuwa na kimya kilekile. Usiku mmoja wa Jumapili aliandika: Saa moja. Honami amepiga simu. Sikupokea. Alitaka kuufuta mstari huo. Je, huo nao ni ugonjwa? Kalamu ilikaa juu ya karatasi, kisha akauacha.

*

Bi Toshi alimlazimisha kuomba miadi ya mchana. Walikwenda pamoja kwa basi. Mitsue hakupaka wanja. Alijiona uchi kabisa pale kwenye benchi la kusubiri.

"Hali yako, Bi Kudo?" Daktari Ogata aliuliza, macho kwenye kompyuta.

Ulimi wa Mitsue ulikuwa umekwisha anza. "Kwa hisani yako, daktari, sala..." Akakoma. Nyuma ya mlango alimsikia Bi Toshi akikohoa, na hakuwa na kikohozi.

"Si salama," Mitsue alisema. "Daktari, mimi si salama."

Mikono ya daktari iliachana na kompyuta. Mitsue alimpa daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, na kwa mara ya kwanza hakuonekana kuwa na haraka. Alifika kwenye mstari wa simu.

"Kwa nini hukupokea?"

"Sauti ilikuwa imekwisha. Angejua."

"Angejua nini?"

"Kwamba siko salama."

Daktari akamwambia anyooshe mikono mbele, asijikaze hata kidogo. Mikono ilianza kushuka upesi, wa kushoto kwanza. Akamwambia atazame juu bila kuteremsha macho. Kope zikaanguka. Kila kitu aliandika.

"Miaka miwili unakuja hapa," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona ni utovu wa adabu. Unanihangaikia."

"Nimehangaika na mtu mwingine kabisa. Nami niliridhika upesi." Aliinamisha kichwa mbele yake kumwomba radhi, chini kidogo kuliko madaktari walivyozoea kuinama. Mitsue hakujua atazame wapi.

*

Fomu mpya ilipelekwa wiki ileile. Theluji ilianguka, ikafunika magari, ikaziba madirisha ya chini. Mitsue alingoja. Kungoja peke yako kipindi cha theluji ni kugumu, maana hata sauti ya mpita njia husikii. Alimeza vidonge vyake. Risiti alizitia kwenye mkebe wa chai. Siku nyingine alijiambia watakataa tena, akalia kidogo, akaandika hilo pia.

Cheti kilifika theluji ilipoanza kuyeyuka. Pamoja nacho kulikuwa na kijitabu chembamba cha kuonyesha kila hospitali na kila duka la dawa, ili wajue ameshalipa kiasi gani mwezi huo. Kiwango chake kilikuwa yen elfu tano. Siku ya kwanza kwenye duka la dawa alikiacha kijitabu ndani ya mkoba, kwa sababu nyuma yake alisimama mtu wa mtaa wa pili. Bi Toshi, aliyemsindikiza, alimtazama. Mitsue akakitoa, akakiweka juu ya kaunta. Mtu wa mtaa wa pili hakugeuka hata kutazama. Nyumbani Bi Toshi alichukua kalenda ya Mitsue akaandika kwa herufi kubwa mwezi wa kuomba upya, kwa sababu cheti hicho huombwa kila mwaka, na aliyesahau huanza mwanzo.

Sindano zilianza. Haikuwa miujiza. Wiki ya tatu alikunywa supu yote bila kupumzika. Wiki ya tano aliupandisha mti wa kuanikia nguo tundu moja. Tundu la juu kabisa bado lilikuwa mbali, huenda asilifikie tena. Ubao wa mtaa ulipofika, aliugonga muhuri, akaupeleka kwa mkono hadi mlangoni kwa Bi Toshi, wakasemezana juu ya matope.

Jumapili, saa moja jioni, simu ililia. Mitsue alikuwa amechoka. Sauti ilikuwepo, nyembamba, yenye mikwaruzo pembeni. Aliitazama simu ikilia mara tatu. Akaipokea.

"Mama? Umepokea?" Honami alisema. "Hujambo?"

"Si sana, mwanangu," Mitsue alisema.

Akamweleza. Habari ya mikono na figili, ya plasta na chai, ya cheti na sindano. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu alilazimika kupumzika katikati. Honami hakumkatiza. Mwisho aliuliza kwa sauti ndogo, "Miaka miwili, mama? Nilidhani hupendi kuongea na mimi."

"Nilijua utadhani hivyo. Nikaona heri hivyo kuliko ujue. Nilikosea." Mitsue alivuta pumzi. "Wewe je? Hujambo?"

"Sijambo, ma..."

Sauti ikakatika. Mitsue alilijua neno lile vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Alisubiri.

"Siko salama, mama," Honami alisema, na akaanza kulia. "Tangu mwaka jana siko salama."

Mitsue aliusogeza mto wa kukalia karibu na simu. Aliketi, akaegemeza kiwiko mezani ili mkono usichoke.

"Sema, mwanangu," alisema. "Leo sauti ninayo."